Shoka la Lango la Nkwele

Anayetaka hadithi yenye jibu aondoke sasa, maana hii ya leo jibu lake sina. Nimeisimulia mara nyingi, na kila mara watu wameondoka wakibishana mpaka majumbani kwao. Basi mwenye kikohozi akohoe amalize, tuanze.

Palikuwa na mji uitwao Nkwele, juu ya kilima huko Unyiha, umezungushiwa boma la magogo. Mji huo ulikuwa na nyumba arobaini, na ndani yake waliishi watu watatu wenye vipawa. Wa kwanza alikuwa Mzee Sinkala, mhunzi, ambaye aligonga chuma kwa ukucha akakuambia kitavunjikia wapi. Wa pili alikuwa Nambeye, mchonga mipini, mwanamke aliyeijua miti kuliko alivyowajua mawifi zake. Wa tatu alikuwa Mama Naswila, mjane, na kipawa chake hakikuonekana kwa macho: alikuwa hasahau. Umweleze jambo leo, baada ya miaka kumi atakurudishia vile vile ulivyolisema, na pale ulipovuta pumzi atavuta pumzi.

Wa nne alikuwa Siwale, mkuu wa walinzi. Huyu hakuwa na kipawa chochote. Alikuwa na kazi, na hadithi nzima imemwangukia yeye.

Kila kiangazi Nkwele ilipeleka walinzi mpakani, kule mtoni, wavamizi wanakovukia. Kila nyumba ilitoa mtu mmoja. Mwaka uliotangulia walikwenda arobaini, na kumi na mmoja hawakurudi. Siwale ndiye aliyezipeleka habari hizo, mlango kwa mlango, milango kumi na mmoja, na tangu siku hiyo hakupenda kubisha hodi kwa mtu.

Lakini aliona walivyokufa, kwa hiyo akaenda kwa Mwene, mtawala wa mji.

"Mwene, mkuki unafaa adui akiwa mbali," alisema. "Akishafika kifuani, unakuwa mti mrefu wa kukuzuia usigeuke. Nataka kila mlinzi awe na shoka dogo kiunoni."

"Mashoka si yapo kila nyumba?"

"Hayo ni ya kukatia miti. Mti haurudishi pigo."

Mwene alikubali. Alimwambia achague shoka moja, na likishapatikana, mengine yatatengenezwa kwa mfano wake yatimie arobaini.

Mzee Sinkala alileta mashoka matano, na mji mzima ukatoka kutazama, maana siku hiyo hapakuwa na shughuli nyingine ya kutazama. La kwanza Siwale alilipunga hewani akihesabu, na alipofika sitini mkono ukalegea. Akaliweka chini. La pili mpini wake ulikuwa mrefu, akalizungusha langoni likagonga nguzo. La tatu lilikuwa na makali pande mbili, zuri kweli kweli, na vijana wote walilitaka. Siwale alilichomeka kiunoni akachuchumaa, likamkata paja. Watu walicheka, na yeye alicheka pia, ila baadaye. La nne alijaribu kupasulia kuni, likashindwa.

"Lisilopasua hata kuni mtu ataliacha nyumbani," alisema. "Na siku akilihitaji halitakuwepo."

La tano ndilo lililomkaa mkononi. Makali yake yalikuwa mapana kama kiganja, kisogo chake bapa cha kugongea vigingi, na urefu wake ulikuwa kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole. Alilipunga mara mia, na mkono ulikuwa bado wake. Watu wakaanza kushangilia.

Mama Naswila alikuwa ameketi pembeni akimenya maharage. Alisema bila kuinua uso, "Hilo ndilo lililomuua mume wangu."



"Alikwenda na shoka lake la nyumbani, lenye pembe kama ya hilo. Alipiga ngao ya mvamizi, shoka likazama, likanasa," aliendelea. "Alivuta mara mbili. Ya tatu hakuiwahi. Siwale, si wewe uliyenieleza hivyo, mlangoni pangu, mwaka jana? Ukasema pembe ya chini ya makali ilishika ngao kama ndoana. Mbona sasa unalichagua lile lile?"

Siwale alilitazama shoka. Kweli aliyasema maneno hayo. Aliyasema siku aliyobisha hodi mara kumi na moja, na alipofika mlango wa mwisho hakukumbuka aliyoyasema mlango wa kwanza. Alijisikia aibu, na hakuificha.

Mwenye aibu zaidi alikuwa Mzee Sinkala. Pembe ile aliirithi kwa baba yake. Katika mti ni jambo jema, kwa sababu shoka huuma likatulia mpaka uling'oe kwa starehe zako. Hakuwahi kufikiri kwamba kwenye ngao hakuna starehe. Na lile shoka la marehemu alikuwa amelifua yeye. Alilichukua mkononi mwa Siwale, akaenda nalo kiwandani kwake. Alikikunja chuma upya, akakifua siku mbili, akayafanya makali membamba na magumu, na pembe ya chini akaiviringa ikawa laini. Aliporudi alimwendea mjane kwanza.

"Mama, nimeiondoa," alisema.

Ukabaki mpini. Siwale alikuwa akiilaza mipini juu ya mawe mawili na kuipiga kwa rungu, na yote ilipasuka, tena mitatu kwa pigo la kwanza. Nambeye alitazama vile vipande, akatikisa kichwa, akaenda kwake. Alirudi na kipande cha mti wa mkole kilichoning'inia juu ya meko yake miaka miwili, kimekauka kwa moshi taratibu mpaka kikawa cheusi. Silwimba, mumewe, alimfuata nyuma.

"Mke wangu, hicho si cha mpini wangu wa mpakani?"

"Kilikuwa chako. Kingine kitakauka baada ya miaka miwili."

Silwimba alikuna kichwa. Mpini ukachongwa, ukalazwa juu ya mawe, ukapigwa rungu. Ulinepa, ukarudi ulivyokuwa. Siwale alilifunga shoka lake kiunoni, na kazi ya yale mengine thelathini na tisa ikaanza, kwa miti ya kukaushwa juani, kwa sababu hapakuwa na nyumba nyingine yenye mkole wa miaka miwili.

Wavamizi hawakusubiri kazi iishe, wala walinzi waende mpakani. Walikuja asubuhi, jua limekwisha panda, watu wakiwa mashambani wanavuna ulezi. Watu walipiga mbio kupanda kilima, wavamizi nyuma yao. Lango la Nkwele lilifungwa kwa gogo zito lililoning'inizwa juu kwa kamba nene ya ngozi ya ng'ombe. Ukifungua fundo, gogo linashuka. Siwale alisimama langoni mpaka mtu wa mwisho akaingia, kisha akashika fundo. Ngozi ilikuwa imekauka ikakazana, na fundo lilikataa.

Mvamizi wa kwanza alifika na ngao mbele. Siwale alipiga, shoka likazama ndani ya ngao. Alivuta mara moja likatoka, kwa sababu pembe ya kulizuia haikuwepo tena, naye akapiga mara ya pili kabla yule hajajua kama bado yu hai.

Wa pili alikuja na rungu la kichwa kizito, akalishusha kwa mikono miwili. Siwale alikinga kwa mpini. Mpini ulinepa mpaka akaona amekwisha, kisha ukarudi, na rungu likateleza pembeni. Alimsukuma yule mtu akaporomoka mteremkoni.

Wengine walikuwa hatua kumi. Siwale aliachana na fundo, akaiinulia shoka kamba yenyewe. Ilikuwa nene kama kifundo cha mkono, na nafasi ilikuwa ya pigo moja tu. Alipiga. Makali yalipita ngozi yote, gogo likashuka, lango likafungika. Wavamizi walizunguka boma mpaka mchana, wakachoka, wakaondoka na ulezi kidogo. Ndani ya Nkwele hakupungua mtu hata mmoja.

Baada ya siku saba Mwene aliita watu wote.

"Kivuko kimoja cha mtoni kimezibwa na maporomoko," alisema. "Mwaka huu mpakani watatosha walinzi thelathini na tisa. Nyumba moja itasamehewa, na iwe ya yule aliyetupa shoka lile. Litundikwe mlangoni pake, na mlango wenye shoka hilo hautaulizwa mtu. Siwale, wewe ndiye uliyelishika, wewe utalikabidhi. Nyumba moja, nasema. Nikisamehe mbili, mto utabaki wazi mahali pa mtu mmoja, na hapo ndipo watakapopita."

Sasa sikilizeni vizuri. Nyumba ya Mzee Sinkala haikuwa na mwanamume mwingine, kwa hiyo angekwenda mwenyewe na mvi zake. Nyumba ya Nambeye angekwenda Silwimba, na Nambeye alikuwa na mimba ya miezi mitano. Nyumba ya Mama Naswila angekwenda Sichalwe, mtoto pekee aliyembakia.

"Mimi naweza kwenda," alisema Mzee Sinkala. "Ila bila chuma changu mlikuwa na kijiti cha kuchungia mbuzi. Na nikifia huko, mashoka yenu yakiwa butu msinitafute."

"Chuma bila mpini ni jiwe la kurusha," Nambeye alisema. "Na mpini ule ulikuwa uende mpakani mkononi mwa mume wangu. Niliutoa, ukawaokoa wote mlio hapa. Leo aende na mpini wa kukaushwa juani?"

Mama Naswila alikuwa wa mwisho.

"Mimi sikutengeneza kitu," alisema. "Nilitoa maneno tu. Lakini maneno hayo niliyapata kwa mume wangu."

"Na kwa chuma changu," Mzee Sinkala alisema polepole, na macho yake yalikuwa chini.

Watu walianza kubishana. Mmoja alisema mhunzi asiguswe, yuko mmoja tu. Mwingine akamjibu kwamba wahunzi walikuwepo miaka yote na watu wakafa vile vile, mpaka aliposema mwanamke anayemenya maharage. Wa tatu akasema maneno ni bure, mkole wa miaka miwili si bure.

Siwale hakuwasikiliza. Alikuwa amerudi langoni kichwani mwake. Aliyaondoa maneno ya mjane, shoka likanasa kwenye ngao, akafa. Akayarudisha, akauondoa mpini wa Nambeye, rungu likamfikia, akafa. Akaurudisha, akayaondoa makali ya Sinkala, kamba ikabaki na nyuzi mbili, akafa, na mji ukafa pamoja naye. Mara tatu alikufa, na kila mara alikufa sawasawa.

Yuko pale mpaka sasa. Shoka limelala juu ya viganja vyake viwili, na kwenye mpini kuna kovu la rungu. Chini yamepangwa mashoka thelathini na tisa, na nyumba mbili kati ya zile tatu lazima ziiname ziokote. Mwene anasubiri. Mzee Sinkala ameficha mikono nyuma, Nambeye ameweka yake tumboni, na Mama Naswila anamtazama Siwale usoni, naye ni mtu asiyesahau.

Msinitazame mimi, nilisema mapema kwamba sina jibu. Je, wewe ungelitundika shoka mlango wa nani? Na ukishalitundika, kiangazi kikiisha, ukalazimika kubisha hodi kwa mmoja wa wale wawili, ungemwambia nini?