Ngiri na Kibuyu cha Maji

Paukwa!

Pakawa!

Hizo ni sauti zenu au mbu wanapita? Walioshiba waitikie. Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa na magulio yao, palikuwa na Ngiri. Ngiri huyu alikuwa na meno makubwa, na majivuno makubwa kuliko meno. Kila alikopita alijisifu, "Mimi sijapata kununua kitu kwa bei ya muuzaji!" Akawaambia wapita njia, akayaambia na mawe. Eti hiyo nayo ni sifa!

Siku moja alikuwa anakwenda kuoa ng'ambo ya nyika. Wakwe walikuwa wamemwambia, "Usipofika siku ya tatu, binti tunampa mwingine." Nyika ile haikuwa na mto wala kisima. Njiani palikuwa na gulio moja tu, mara moja kwa juma, na kila msafiri alinunua maji hapo. Mfuko wa Ngiri ulikuwa umejaa mtama.

Akamkuta Mama Kanga na vibuyu viwili vilivyobaki, kikubwa na kidogo. Hakuamkia, hakusalimu.

"Hiki kikubwa bei gani?"

"Vibaba vinne vya mtama, mwanangu. Nimeyateka mlimani, natembea tangu alfajiri."

"Vinne, kwa maji? Chukua kimoja."

"Hakilipi hata miguu yangu."

Ngiri akageuka akaenda zake. Mnaijua hila hiyo? Mnunuzi anajitia kuondoka, kumbe masikio yako nyuma, anangoja kuitwa.

"We mgeni, rudi! Lete vitatu."

Akarudi akicheka. "Kimoja." Akaondoka tena.

"Rudi, mwanangu! Basi viwili, nina watoto."

Viwili! Nusu ya bei! Mwenye akili angelipa na kushukuru. Ngiri akasema, "Kimoja, tena maji yenyewe yana tope." Mwongo mkubwa, maji yalikuwa safi kabisa. Akaondoka mara ya tatu.

Akatembea polepole. Kimya. Akapunguza mwendo. Kimya. Akainama, akajitia anatoa mwiba kwatoni. Kimya!

Kumbe huku nyuma amefika msafiri mwingine, Bi Nungunungu. "Habari za nyumbani, Mama Kanga? Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, dada."

"Basi hicho kikubwa nipe kwa vitatu, na nyongeza usinisahau."

Wakavutana kidogo, wakacheka, wakapatana. Mama Kanga akamwongezea na kile kibuyu kidogo.

Ngiri alipogeuka, Mama Kanga alikuwa anakunja mkeka.

"Mama, chukua viwili! Vinne! Chukua mfuko mzima!"

"Maji yamekwisha, mwanangu. Gulio ni juma lijalo."

Ngiri akaingia nyikani bila tone. Siku ya kwanza akalamba umande. Siku ya pili magoti yakamwishia nguvu, akaanguka. Bi Nungunungu, aliyekuwa amepumzika njiani, akamkuta pale.

"Bibi, nakufa na kiu. Hicho kibuyu kidogo bei gani?"

"Mwenye kiu hauziwi maji, mwanangu. Chukua bure."

Sasa sikilizeni ujinga. Midomo imepasuka, ulimi umekauka kama kigae, na bado akasema nini?

"Bure? Punguza kidogo!"

Bi Nungunungu akamtazama juu mpaka chini. "Chini ya bure sina bei," akasema. Akakifunga kibuyu, akaenda zake.

Ngiri akabaki amepiga magoti, akichimbua mizizi kwa pua na kuifyonza. Roho ilipona, lakini alifika kwa wakwe siku ya tano, akakuta ngoma zimekwisha, wanasugua masufuria. Bibi harusi ameshakwenda kwa mumewe. Mpaka leo ngiri hula amepiga magoti. Mchekeni tu, anastahili.

Na nyinyi mnaosafiri, nisikieni. Kupatana bei si kosa, ndiyo raha ya soko. Kosa ni kuona jasho la mwenzako si kitu. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote.

Ngano yangu nimeitua hapa. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe.