Neno la Mnadani Halifutwi Chumbani

Haya niliambiwa na shangazi yangu Binuru, mwaka ule niliotolewa shule nikiwa darasa la nne, tukipepeta mtama uani. Nawaandikia ninyi wajukuu zangu, kwa kuwa jana mlimsikia jirani akisema, "Neno la mnadani halifutwi chumbani," mkaniuliza limetoka wapi. Chanzo chake ni hiki, na shangazi alikiona kwa macho yake.

Mwasiti alikuwa muuza maandazi. Tena alikuwa mwosha: mwanamke akifa pale kijijini, yeye ndiye aliyeitwa kumwosha kabla ya sanda. Kazi ya thawabu hiyo, halipwi mtu. Yeye na mumewe Sufiani walikuwa wamegombana mwaka mzima, mwishowe Mwasiti akadai talaka. Sufiani akaona ameaibishwa.

Siku ya mnada, watu wamejaa, Mwasiti akiuza maandazi yake, Sufiani akapanda juu ya gogo la kufungia ng'ombe.

"Enyi watu! Mnajua mnakula nini? Huyu akitoka kuosha maiti, maji yale huyakinga, akaja kukandia unga!"

La haula! Mama mmoja, Zamoyoni, alikuwa na andazi mdomoni. Alilitema hapo hapo. Wengine wakajitia vidole kooni. Mwasiti akafunika maandazi yake. Siku ile alirudi na beseni limejaa. Mnada uliofuata, vilevile.

Kisha akafa bibi wa nyumba ya pili. Mwasiti akaenda na pamba zake kama desturi, binti wa marehemu akamzuia mlangoni.

"Rudi, dada. Mama yangu hatageuzwa maandazi."

Hapo, alisema shangazi, ndipo Mwasiti alipokwenda kwao kuwaeleza.

Kaka zake wakataka kwenda kumpiga Sufiani. Mama yake akasema, "Vumilia mwanangu, ya ndoa hayatoki nje."

"Mama, yameshatoka. Yamepanda juu ya gogo."

Akaenda mahakama ya mwanzo. Karani akamsikiliza mpaka mwisho, asimkate kauli. "Talaka ni kesi moja, mama. Jina lako ni kesi nyingine. Wewe usimtukane hata kidogo, asije naye akakushitaki. Tafuta walioyasikia kwa masikio yao. Walioambiwa tu, waache."

Waliosikia walikuwa mnada mzima. Aliyekubali kuja alikuwa Zamoyoni peke yake.

Siku ya kesi, Sufiani akashika msahafu, akaapa kwamba alimwona mkewe akileta maji yale kwa ndoo.

Hakimu akamuuliza, "Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi, mheshimiwa."

"Na tangu mwaka juzi, asubuhi unanywa chai na nini?"

Sufiani akautazama msahafu.

"Jibu, bwana."

"Na... maandazi."

"Ya nani?"

"Ya mke wangu."

Watu wakashika vichwa. Na msahafu bado uko mkononi! Zamoyoni akasahau alipo: "Mwanaume wewe! Umenitemesha andazi bure!"

Sufiani akamgeukia Mwasiti. "Mke wangu, ni hasira tu. Twende nyumbani, nikupigie magoti chumbani, yaishe."

"Kwani ulinisema chumbani?" Mwasiti akamjibu. "Neno la mnadani halifutwi chumbani."

"Unataka akulipe fidia?" hakimu akauliza.

"Nataka jina langu, mheshimiwa. Alikolitupa, akaliokote."

Hakimu akaandika hivyohivyo. Jumanne, siku ya mnada, saa ileile, Sufiani akapanda gogo lilelile. "Nilisema uongo," akasema. "Na nilijua ni uongo."

Shangazi alisema watu walishtuka kuliko mara ya kwanza, maana kila mmoja alimtazama anayelala naye kitanda kimoja, akijiuliza kama naye angeweza kumzulia hivyo. Wengine wakanunua maandazi, wengine hawakurudi kununua tena maishani. Binti wa yule marehemu alikuja akilia: "Dada, mama yangu alioshwa na mikono ya wageni." Hilo hakuna hakimu wa kulirudisha.

Mwasiti alifika kwao jua bado kali, akajinyoosha kwenye mkeka. Mama yake akakaa kando yake, akimpepea.

"Nilikukosea kukwambia uvumilie," akasema. "Kweli mwanangu, neno la mnadani halifutwi chumbani."

Mwasiti alikuwa ameshalala, usingizi wa kwanza mzito tangu mnada ule. Mama akaendelea kumpepea, mpaka upepeo ukamdondoka mkononi, naye akalala palepale alipokaa.