Kombo Yuko kwa Bibi Yake

Hapo zamani, na msiniulize zamani gani, maana mgongo unaniuma na sina nguvu ya kuhesabu miaka, palikuwa na mfinyanzi akiitwa Siwatu. Mumewe Machano. Mtoto wao mmoja tu, Kombo, wa miaka minne, mtundu hasa.

Siku moja Kombo akaamka na homa. Siwatu alikuwa ameshawasha moto wa kuchomea vyungu, na moto ule hauachwi. Ukiuacha, kazi ya mwezi mzima inapasuka. Mtoto akaita, "Mama!" Siwatu akajibu, "Nakuja baba, moto ushuke kidogo." Akaita tena, akajibiwa vilevile. Mara ya tatu hakuita. Siwatu alipoingia ndani, mtoto alikuwa amekwisha kufa.

Siwatu hakulia. Hata chozi moja. Lakini tangu siku hiyo akisikia harufu ya moshi tu, kifua kinabana, pumzi haiingii, anaanguka. Na moshi utaukimbia wapi, jamani, watu wanapika! Akaacha kufinyanga, akaacha kula, na tumboni ana mimba ya miezi mitano. Mganga wa kwanza akaja kumfukiza ubani. Kumfukiza! Mtu anakufa kwa moshi, wewe unamletea chetezo. Nusura amzike.

Ndipo Machano akamwendea Bi Mgeni, mwanamke aliyekuwa akiwalaza watu usingizi kwa maneno. Hana dawa, hana hirizi. Anakukalisha mkekani, anakwambia tazama hapa, vuta pumzi, miguu mizito, mikono mizito, na sauti yake inashuka, inashuka, mpaka mwili umelala na masikio bado yanasikia. Analokwambia hapo linaingia ndani kabisa.

Bi Mgeni akasema, "Nitamlaza mara saba. Kila mara nitamrudisha kwenye siku ile, kidogo kidogo, mpaka alie. Akilia, amepona."

Mara ya kwanza Siwatu alilala, akarudi mpaka mlangoni kwa mwanawe, akakataa kuingia. Mara ya pili akarudi mpaka mlangoni, akakataa kuingia. Mara ya tatu hata mlangoni hakufika. Pumzi ilikatika palepale mkekani, midomo ikawa myeusi.

Machano akapiga magoti. "Bibi, basi! Ananifia huyu, na mtoto tumboni. Mwambie Kombo yuko kwa bibi yake!"

Kwao ilikuwa desturi: mama akiwa mjamzito, mtoto mkubwa hupelekwa kwa bibi mzaa mama, akalelewe huko. Kwa hiyo uongo wenyewe ulikuwa na pa kukaa.

"Hiyo siyo kazi yangu," Bi Mgeni akasema. "Bado mara nne."

"Hana mara nne huyu!"

Bi Mgeni alikuwa amechoka. Tangu asubuhi amelaza watu watano, koo limemkauka. Akainama, akasema kwa sauti ile ile, "Siwatu, Kombo yuko kwa bibi yake. Hajambo. Anacheza. Vuta pumzi."

Siwatu akavuta pumzi. Akafumbua macho, akasema, "Nina njaa."

Mnadhani imekwisha? Ngojeni. Kila Ijumaa Siwatu anafunga kikapu cha Kombo: mara visheti, mara kanzu ndogo, mara kijungu cha kuchezea. Machano anabeba mpaka kijiji cha pili, kwa mama mkwe wake, Bi Kazija. Bi Kazija anapokea, analia, anatuma jibu: "Mwambie mwanawe anamsalimu." Ijumaa hii salamu, Ijumaa ijayo salamu. Visheti vikaota ukungu ndani ya kabati. Majirani wakimwona Siwatu anakuja anacheka, wanageuza njia. Kijiji kizima kilichoka.

Siwatu akajifungua salama, mtoto wa kike. Siku ya saba Bi Kazija akaja. Siwatu akachungulia nyuma yake.

"Mama, Kombo yuko wapi?"

"Njia ndefu, mwanangu. Alichoka."

"Basi arobaini aje. Nataka yeye ndiye amtoe nduguye nje."

Maana kwao mtoto hutolewa nje siku ya arobaini, na anayemvusha kizingiti ndiye mlezi wake maisha yote. Mama akifa, mtoto ni wake.

Bi Kazija akakaa chini, mtandio mkononi. "Siwatu, siwezi tena. Kombo alikufa. Alikufa siku ile ya moto, na wewe mwenyewe ulimfumba macho."

Pumzi ya Siwatu ikakatika, kichanga kikiwa kifuani. Machano akapiga kelele, "Mama, umemuua!" Kisha Siwatu akalia. Alilia tangu adhuhuri mpaka alasiri, na pumzi ikarudi yenyewe.

Arobaini ikafika. Machano, Bi Mgeni na Bi Kazija, wote watatu wakasimama nje ya mlango. Siwatu akasema, "Miezi minne mmeniacha nacheka, na mwanangu yuko kaburini. Semeni, nani kati yenu nimpe mtoto amtoe."

Machano akasema, "Uongo ni wangu, mke wangu. Lakini ulikuwa unakufa. Na vikapu vile nilivibeba mimi, na Kombo alikuwa mwanangu pia, sikupata hata siku moja ya kumlilia. Nipe mtoto."

Bi Mgeni akasema, "Nilijua siyo njia, nikaifuata kwa uchovu. Lakini nguvu ya kulia uliipata wapi? Miezi minne ulikula na kulala kwa maneno yangu. Nipe mtoto."

Bi Kazija akasema, "Mimi nilikutumia salamu za maiti, mwanangu. Kisha nikakwambia kweli na kichanga kifuani, ningeweza kuwaua wawili. Siyo ushujaa, nilichoka tu. Lakini Kombo wako, wa kumlilia na kumwombea, ni mimi niliyekurudishia. Nipe mjukuu wangu."

Wamenyoosha mikono wote watatu. Siwatu yuko ndani ya kizingiti, hajui amshukuru nani wala amfukuze nani. Na asinambie mtu atoke naye mwenyewe. Mama hamtoi mtoto wake, ndiyo desturi. Mimi nimemaliza, nanyoosha mgongo. Haya, ninyi mliokaa hapo mnatafuna: mtoto apewe nani?