Kiti cha Barazani na Bustani ya Jirani

Wapendwa, leo nataka niwapandishe mlimani kidogo, na msichoke, si mbali. Kulikuwa na mama mmoja aliyejenga na mumewe kwenye mteremko, kule ambako viwanja vimepangana kama ngazi, na paa la huyu liko chini ya shamba la yule. Kiwanja cha juu yao kilikuwa cha mama mwingine, mjane, ambaye watoto wake walishaondoka wote, kila mtu na maisha yake. Kati ya viwanja hivyo viwili palikuwa na seng'enge tu, nyaya chache ambazo kuku anapita bila kuinama.

Yule mama wa chini, mume wake alipata kiharusi. Mliouguza ugonjwa huo mnaujua, sina haja ya kuwaeleza. Mtu alikuwa seremala, akicheka unamsikia mpaka bondeni, halafu siku moja mkono wa kulia ukalala na maneno yakamkimbia, yakabaki moja moja. Kila asubuhi mke alimwogesha, akamvisha shati safi, akamkalisha kwenye kiti barazani. Baraza hilo lilielekea juu, kwa mjane. Hapo ndipo mzee alipokaa mpaka jua likatua.

Haukupita muda, mjane akaanzisha bustani. Na ilikuwa bustani kweli, wapendwa, si kisingizio cha kubeba jembe! Huku chini karibu na seng'enge aliweka vijiua vyeupe vinavyotambaa. Nyuma yake mchicha mwekundu, mchicha huuhuu mnaokula, lakini umepangwa ukapangika. Nyuma ya mchicha mawaridi. Nyuma ya mawaridi maua ya njano yenye urefu wa mtu, na huko juu kabisa, karibu na ukuta wa nyumba yake, migomba na mipapai. Ukikaa barazani kwa mama wa chini uliiona yote kwa mara moja, safu juu ya safu, kama khanga zilizotundikwa dukani. Wapita njia walisimama. Wengine walipiga picha.

Na mzee kitini akawa na neno lake moja. Kila akitolewa nje asubuhi, aliinua mkono wa kushoto, ule mzima, akanyoosha kidole juu. "Kule," anasema.

Niwaulize akina mama. Wewe ndiye unayemwogesha. Wewe ndiye unayempondea chakula na kumfuta kidevu. Usiku wewe ndiye unayemgeuza ubavu. Halafu neno moja alilobakiwa nalo huyo mume analitumia kusifia maua ya mwanamke mwingine. Ungejisikiaje? Nyamazeni tu, majibu nimeyaona usoni.

Mama yule aliumia. Mwanzoni alijiambia ni mgonjwa, hajui asemalo. Lakini kila asubuhi ni kule, kule, na kila akisikia kule anahisi kitu kinampanda kifuani, chungu kabisa. Akaanza kuhesabu makosa ya jirani ambayo jana yake hayakuwepo. Mbona anamwagilia huku anaimba? Anamwimbia nani? Mbona anapalia upande wa seng'enge, upande wa huku, wakati shamba lote ni lake? Mjane akisalimia kutoka juu, "Mmeamkaje, jirani?" huyu anajibu, "Salama," halafu anaingia ndani kama aliyesahau ugali jikoni. Kuvuka seng'enge na kupiga hodi akaacha kabisa.

"Unaona kule tu!" alimwambia mumewe siku moja. "Hapa kwako hupaoni?"

Mzee akamtazama. "Kule," akasema, na machozi yakamlengalenga.

Basi mama akaamua. Naye atakuwa na bustani, na itaizidi ile. Akanunua bando, akaketi na simu akitafuta mitindo. Akaoneshwa bustani za nchi za theluji, nyasi zimenyolewa kama kichwa cha askari, katikati chemchemi inaruka maji, na yeye maji ananunua kwa dumu. Akaenda kwa kijana anayeuza miche kando ya barabara. Kijana akachana karatasi ya mfuko wa saruji, akamchorea duara hapa, njia ya mawe pale, maua ya zambarau kuzunguka.

"Hii itaizidi ya jirani yangu?" mama akauliza.

"Ya jirani yako sijaiona, mama."

"Basi hujui kazi," akasema, akaondoka.

Mnaona wivu unavyotunyima uchaguzi? Mama huyu alipenda maua ya zambarau tangu utotoni. Mchoro ule wa duara aliupenda, alipofika nyumbani aliutazama mara ya pili na ya tatu. Lakini hakutaka bustani aipendayo yeye. Alitaka ile iliyomchoma. Akauwashia moto mchoro wa watu chini ya sufuria ya maharage.

Akaanza kuiba ramani kwa macho. Alitoka na beseni la nguo, akafunga kamba sambamba na seng'enge, akaanika. Nguo zenyewe kavu! Shati moja analianika, analianua, analianika tena, huku jicho liko kwa mjane. Kamba ileile ya nguo aliinyoosha akapima kwa jicho: kutoka seng'enge mpaka mchicha ni hapa, akafunga fundo. Kutoka mchicha mpaka mawaridi ni hapa, fundo jingine. Akakariri kama mtoto anayekariri majedwali. Fupi kando ya seng'enge, ndefu upande wa nyumba. Fupi kando ya seng'enge, ndefu upande wa nyumba.

Na hivyo ndivyo alivyopanda. Vijiua vyeupe kando ya seng'enge, mchicha mwekundu, mawaridi, maua ya njano, na mwisho kabisa, mbele ya baraza lake, migomba na mipapai. Hakukosea fundo hata moja.

Wapendwa, ninyi ni wakulima. Nawaona akina baba wameshaanza kuguna. Lakini mwenye wivu hasikii guno.

Mvua ikaja, ikaenda, ikaja tena. Vyote vikashika. Mama alipalia mpaka viganja vikaota sugu, na kila mche ulipokua alilinganisha na wa juu, akafurahi. Halafu migomba ikarefuka, majani yakafungana. Asubuhi moja akamtoa mzee nje, akamkalisha kitini. Mzee akainua mkono, akaushusha. Hakusema kitu.

"Amekoma!" mama akasema moyoni. "Leo hakusema kule." Siku hiyo aliimba akiosha vyombo. Alijiona ameshinda.

Kesho yake mzee hakusema. Na siku zilizofuata hakusema. Akaanza kugeuza uso ukutani. Uji akaukataa. Mwisho ikawa akiinuliwa asubuhi atolewe nje, anashika nguzo ya kitanda kwa ule mkono mzima na haiachii. Mama akaogopa sasa. Akatoka, akaketi yeye mwenyewe kwenye kile kiti ili apumzike, akainua macho atazame bustani yake iliyomtoa jasho.

Aliona mashina ya migomba. Aliona majani makavu yananing'inia. Nyuma ya mashina kulikuwa na giza la majani, na huko mbali, kwa kuchungulia, alama nyekundu ambayo huenda ni waridi na huenda ni ndoo. Bustani yote ilikuwa imempa mgongo.

Mnadhani alijiuliza amekosea wapi? Hapana. Alisema, "Yule mwanamke ana siri amenificha. Miche ni ileile, vipimo ni vilevile, kwake inapendeza na kwangu ni kichaka. Amefanya kitu." Akajifunga khanga kiunoni, akapanda mlima kwa hasira, na kwa mara ya kwanza tangu bustani ianze akapiga hodi kwa jirani yake.

"Karibu, dada! Pita, pita ndani," mjane akasema, akamvutia kiti karibu na dirisha, akaenda kuleta chai.

Mama akaketi. Akageuza macho dirishani, aione sasa ile bustani kutoka kwa mwenyewe, aione ilivyo tamu ikiwa karibu.

Chini ya dirisha palikuwa na lundo la mavi ya ng'ombe. Mbele ya lundo, mashina ya migomba na mipapai, na vikonyo vya maua yaliyoangalia upande mwingine. Hilo ndilo aliloliona mjane kila alipofungua dirisha lake. Rangi yote, uzuri wote, ulikuwa umeteremka kwenda kwenye baraza la chini.

"Jirani," mama akasema, na ile hasira ikamkwama, "mbona kwako hakuna kitu?"

Mjane akacheka, akaweka chai. "Mzee alipotoka hospitali mlimkalisha pale barazani. Nikaangalia anaona nini. Anaona lundo langu la mavi na magugu. Nikasema, mtu akae kutwa nzima akitazama mavi ya ng'ombe, na bado anaumwa? Ndipo nikalihamishia huku, pale nikampangia maua. Fupi mbele yake, ndefu nyuma, asikose hata moja."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, dada? Kwamba nampandia mumeo maua? Ungenielewa?"

 Ninyi mngemwelewa?

"Tena mimi ndiye wa kukushukuru," mjane akaendelea. "Nilikuona na nguo zako kavu, unapima kwa kamba. Nikajiambia, dada anataka kunirudishia, anaona haya kusema. Ulipopanda fupi huku kwangu na ndefu kwako, nilikaa hapahapa dirishani nikalia. Watoto wangu hawajawahi kunifanyia hivyo. Inuka kidogo, tazama pale penye uwazi kati ya mashina."

Mama akainuka. Na pale, chini ya mteremko, ng'ambo ya seng'enge, akaiona bustani yake mwenyewe. Vyeupe, vyekundu, mawaridi, njano, migomba imesimama nyuma kama ukuta wa kijani. Ilikuwa nzuri mno. Ilikuwa imemwelekea mjane kila jani.

Wapendwa, kuna aibu ya kukamatwa ukiiba. Lakini kuna aibu ya kushukuriwa kwa upendo ambao hukuutoa, na hiyo ni nzito zaidi. Mama aliweka kikombe chini. Angeweza kusema, "Karibu, jirani, si kitu," akateremka na sifa zake. Nani angejua?

"Sikukupandia wewe," akasema. "Nilikuonea wivu. Mume wangu alikuwa akisema kule, kule, nikataka anyamaze. Na amenyamaza. Hataki hata uji."

 Mjane akageuka, akatazama dirishani, na mama akafikiri sasa atafukuzwa.

"Basi yale maua yangu kule chini," mjane akasema mwishowe, "utayang'oa?"

"Siyang'oi. Nakwenda kukata migomba."

Akateremka mbio, akachukua panga. Mgomba mmoja baada ya mwingine, na mipapai, yote chini, utomvu ukamchafulia khanga na hakujali. Zile fupi kando ya seng'enge, zilizoelekea juu, hakuzigusa hata moja. Halafu akaingia ndani, akaketi kitandani kwa mumewe, akaushika mkono uliokuwa umeshika nguzo. "Twende nje," akamwambia. "Kule kumefunguka." Akamkalisha. Mzee akatazama mbele, akatazama juu, na ule mkono ukapanda polepole.

"Kule," akasema.

"Ndiyo, baba," mkewe akamjibu. "Kule ni kwako. Ulipandiwa wewe."

Sasa nirudi kwetu. Maana msijidanganye kwamba nimesema habari za migomba. Sisi tuliokaa kwenye mabenchi haya, ni mara ngapi tumemwona mwenzetu anafanya jema, tukasema anajionesha? Anaimba, tunauliza anamwimbia nani. Anapalia upande wetu, tunauliza anatafuta nini huku. Mjane yule alimwona jirani yake anachungulia na nguo kavu, akaona upendo. Huyu wa chini aliona maua, akaona vita. Macho ni yaleyale mawili mawili tuliyopewa wanadamu wote. Tunayatumiaje?

Na tazameni wivu ulimnyima nani. Haukumnyima mjane kitu, huyo alipata bustani ya bure. Ulimnyima mgonjwa wake mwenyewe, yule aliyempenda kuliko wote, mpaka akakataa uji. Wivu wetu haumfiki jirani. Unaishia barazani kwetu, unaota mbele ya watoto wetu na wagonjwa wetu, unawazibia mwanga, na sisi tunaumwagilia maji tukidhani ni mboga.

Kuna mtu hapa ana jirani ambaye hajavuka kwake siku nyingi. Unajua kwa nini huvuki, na mimi sikuulizi. Nakuomba kitu kimoja tu. Leo, kabla hujaenda nyumbani kuvua nguo za ibada, nenda kwake. Usiende kumwambia lolote. Kaa kwenye kiti chake, tazama kupitia dirisha lake, uone yeye kila siku anaona nini. Huenda ukakuta lundo la mavi, na mgongo wa yale maua uliyokuwa ukiyachukia.

Ukifika mlangoni, piga hodi kwa sauti. Amekusubiri.