Kitufe cha Wageni

Wapendwa, na wewe unayepiga miayo kule nyuma, shikeni mfano huu.

Palikuwa na chama kimoja cha kufa na kuzikana. Mtu akiugua wanamtembelea, akifiwa wanazika naye, akiozesha wanampikia. Chama kizuri, ila kilikuwa kinazeeka. Kila mwaka walizika wenzao wanne watano, na wa kuingia hakuna. Ikiendelea hivyo, yule wa mwisho atazikwa na nani?

Chama kilikuwa na tovuti, yaani ule ukurasa unaoufungua kwenye simu. Ukifungua, wa kwanza kukupokea ni mwenyekiti, anakata utepe. Ukishuka chini, mwenyekiti anakata keki. Ukishuka tena, tangazo: "Kikao ni Jumamosi, saa ya kawaida, mahali pa siku zote." Sasa niambieni, mtu aliyehamia mtaani juzi atapajuaje mahali pa siku zote? Aote?

Wakamwita binti mmoja, fundi wa mambo hayo, awatengenezee upya. Binti akafungua ule ukurasa, akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Mzee, shikamoo tena," akamwambia mwenyekiti. "Maana humu nimekuona mara nane, na chama sijakiona bado."

"Marahaba. Chama wenyewe tunakijua."

"Na asiyekijua?"

"Atauliza. Si ana mdomo?"

Binti akasema, basi mbele tuweke vitufe viwili. Kimoja kiandikwe "Mimi ni mwenyeji," humo zikae picha zenu na kumbukumbu za vikao, kila mlichozoea. Cha pili kiandikwe "Mimi ni mgeni," humo tueleze polepole: chama kinafanya nini, kikao ni saa ngapi, ukumbi uko nyuma ya jengo gani. Na chini kabisa tuache nafasi, mtu aandike swali lake na namba ya simu.

Mwenyekiti akakunja uso. "Wageni gani hao? Wakifika ishirini wa kuuliza, mimi mwenyewe nitavua koti hili nioshe masufuria ya sherehe ya kuwapokea!" Akacheka, kisha akakohoa kile kikohozi chake ambacho kila mtu alikuwa amekwisha kukizoea.

Akina mama wa jikoni, mnawajua, wakapiga vigelegele palepale. "Katibu, andika! Andika kabla hajabadilika!"

Miezi miwili haikuisha, maswali yakafika thelathini na moja. Lo! Shangwe. Kila aliyeuliza akaandikiwa ujumbe wa kukaribishwa siku ya sherehe. Pilau ikapikwa. Viti vya mbele vikafungwa riboni na kuandikwa "Wageni." Wakakaa kusubiri. Saa nne ikapita, ikaja saa tano. Pilau jikoni inashika ukoko, na viti vya riboni havina mtu hata mmoja.

Mwenyekiti akaanza kutabasamu. "Mnaona? Koti halivuliwi."

"Ngojeni," akasema binti. "Labda wamepotea njia. Niwapigie."

Akapiga namba ya kwanza. Mle mle ukumbini, safu ya tatu, jogoo akawika ndani ya mkoba wa mama mmoja, mwanachama wa miaka kumi na sita. Mama akaukalia ule mkoba. Jogoo akazidi kuwika.

"Mama, kumbe ni wewe? Uliuliza nini?"

"Niliuliza kikao kinaanza saa ngapi. Hiyo saa ya kawaida mimi siijui! Huwa nachungulia dirishani, jirani akipita na kitenge cha chama, nami natoka."

Namba ya pili ikalia meza kuu, kwa katibu wa kamati ya ustawi. Huyo yuko mwaka wa tisa kwenye kamati. Alikuwa ameuliza kamati ya ustawi inafanya kazi gani.

Ukumbi ulivunjika mbavu. Na aliyecheka kuliko wote ni mwenyekiti, mpaka kikohozi kikamkaba wakampiga mgongo.

Namba ya tatu ikalia ndani ya koti la mwenyekiti.

"Haya, Mzee wetu!" akasema yule mama wa jogoo. "Na wewe uliuliza saa?"

Mwenyekiti akasimama. Akaitoa simu, akaizima.

"Niliuliza," akasema, "mwenyekiti akiugua, anamwambia nani."

Hakuna aliyecheka. Kikohozi kile walikuwa wamekisikia miezi mitano wakakizoea kama mlio wa feni. Yeye ndiye aliyekuwa anawatembelea wote hospitalini, na zamu yake ilipofika hakujua abishe mlango wa nani. Na picha zake nane zipo!

Kisha akavua koti. "Ahadi ni ahadi. Masufuria yako wapi?"

Akina mama wakamkamata, wakamkalisha kwenye kiti cha riboni, wakampa sahani ya kwanza. Jumatatu walimpeleka hospitali wakiwa sita, utadhani wanasindikiza bwana harusi. Masufuria yalioshwa na katibu wa ustawi. Ndipo ikajulikana ile kamati inafanya kazi gani.

Haya. Mmecheka vya kutosha, sasa njooni kwetu. Sisi tunasema tuwarahisishie wageni neno la Mungu, kana kwamba wenyeji tumekwisha kushiba. Wewe una miaka thelathini kwenye benchi hilo mpaka ubao umechukua umbo lako. Toba unaijua, au unajua ukurasa wake kitabuni tu? Mambo yakikuharibikia nyumbani, humu ndani unajua umwambie nani? Na huyo anayekohoa pembeni yako kila Jumapili, umeshamuuliza ana nini, au umemzoea? Nikodemo alikuwa mwalimu, mtu wa kuamkiwa sokoni, na alimwendea Bwana na swali ambalo mtoto angeuliza. Hakufukuzwa. Sisi tunaona aibu, tunavaa sare, tunaitikia Amina kwa nguvu, huku hatujui saa ya kawaida ni saa ngapi.

Hivi punde mzee wa zamu atasoma matangazo, naye atasema kama anavyosema siku zote, "Wageni wasimame tuwafahamu." Goti langu bovu, na hapa nimesali miaka arobaini na miwili. Leo nitasimama. Anayejiona mwenyeji na akae tu.

Ila azime simu.