Kwa Nini Tope la Vilindini ni Jeusi

Mnaotaka kujua kwa nini tope la vilindini ni jeusi, kaeni, ila msitegemee kuondoka mkicheka. Habari hii niliipokea kwa bibi yangu, naye hakuwa mtu wa mizaha.

Enzi hizo bahari haikuweka kitu. Chochote kilichofia ndani yake au kilicholetwa na mto, jani, gogo, samaki, hata vidudu visivyoonekana kwa macho, kilirudishwa ufukweni kabla ya siku tatu kuisha. Watu wa pale mto unapoingia baharini waliamka kila asubuhi kuchoma marundo yaliyooza. Moshi ulipanda hadi jua likawa la kijivu. Joto likanaswa chini yake likazidi, mvua zikakoma, mihogo ikanyauka, watoto wakakohoa mwaka mzima.

Somoe, mjane mwenye binti mmoja aitwaye Kuruthumu, ndiye aliyechoka kuliko wote, maana kifua kilikuwa kinammaliza mwanawe. Aliingia majini hadi kiunoni, majirani wakiwa nyuma yake.

"Shikamoo, Bibi Bahari. Tumechoka kukuchomea taka zako. Zifiche huko chini."

"Marahaba, mwanangu. Kuficha naweza. Lakini sina ungo wa kupepetea. Nikianza kuweka, naweka vyote, na sirudishi. Kafikirini kwanza."

Hawakufikiri. Nani afikiri huku macho yanamwasha kwa moshi? Waliitikia pamoja, Somoe kwa sauti kubwa kuliko wote.

Basi vilivyokufa vikaanza kushuka taratibu, kama unga unaomwagika. Tope likavifunika, na baridi ya huko ikavizuia visioze upesi. Moshi ukaisha, mvua zikarudi. Kuruthumu akapona, akaanza kwenda kuvua na wenzake. Mwaka wa pili mtumbwi wao ulipinduka nje ya miamba. Wenzake waliogelea wakafika, yeye hakuonekana.

Somoe alikaa ufukweni siku tatu, kwa mazoea ya zamani. Siku ya nne aliingia tena majini.

"Nirudishie mwanangu."

"Nikimrudisha yeye, vyote vitapanda naye," bahari ikasema, na kwa kweli ilihuzunika. "Na moshi wenu, na kile kikohozi. Sema wewe."

Somoe aligeuka akawatazama watoto wa majirani waliokuwa mchangani. Hakuna aliyekohoa. Alilia mpaka akanyamaza mwenyewe.

"Huko aliko kuna baridi?"

"Ipo."

"Basi mfunike vizuri."

Kesho yake alianza kufagia majani makavu, makaa na udongo mweusi wa shambani, akivimwaga mtoni vimfikie mwanawe. Majirani waliona aibu, wakamsaidia. Mto nao ukazoea.

Na tangu siku hiyo mito hushusha majani, makaa na udongo mweusi hadi vilindini, na tope la vilindini ni jeusi, wala halirudishi kitu. Bibi yangu alisema tope hilo, kwa umri mzima wa mtu, haliongezeki hata unene wa ukucha. Somoe hakuna aliyemwambia hilo. Alizeeka akifagia, akiamini mwanawe ameshapata joto.