Bi Pimbi Aliyevinyoa Vita

Hapo zamani za kale, wakati kale yenyewe bado inanyonya, kulikuwa na mkunga jina lake Bi Pimbi. Kimo chake? Ukimsimamisha kando ya ndoo, ndoo inajiona mnazi! Lakini mikono yake, wanangu! Hakuna mnyama nchi ile ambaye hakupokewa na mikono ile. Tembo alipozaliwa alimdondokea, puu! Bi Pimbi akatokea upande wa pili bapa kama chapati, akajikung'uta, akauliza, "Haya, mtoto huyu tumwite nani?" Unabisha? Kamwulize Tembo.

Nchi hiyo ilikuwa na mfalme, Simba, mwenye nywele nyingi mpaka ndege walihamia humo wakafungua shule. Ilikuwa pia na baraza la wanyama, na mkubwa wa baraza ni Nyati.

Siku moja Simba akalizungushia bwawa miiba. "Anayetaka maji," akanguruma, "aje kwanza kunijengea jumba!"

"Umeliuliza baraza?" akasema Nyati.

"Baraza ndiyo nini? Ufalme nimepewa na Mungu, sikupewa na ng'ombe wa porini!" Akaenda akaufunga mlango wa baraza kwa kufuli.

Lo! Nchi ikapasuka katikati kama tikiti. Wa mfalme wakafuga nywele, wakazipaka mafuta, zikaning'inia mpaka magotini. Wa baraza wakanyoa vipara, vikang'aa mpaka jua likawa linajitazamia humo. Sare nyingine hawakuwa nayo. Walisema, sare ya nini? Ukiwa na nywele, mpige mwenye kipara. Ukiwa na kipara, mpige mwenye nywele. Akili hizo! Na wengine walikuwa na vichwa vikubwa kama mtungi wa harusi.

Bi Pimbi angecheka tu, ila alikuwa na wana wawili. Kombo, mkubwa, alikwenda kwa mfalme. Chande, mdogo, alikwenda kwa baraza. Na siku ya kupigana ikafika: ngoma ikilia jua la utosini, watakutana uwanjani.

Asubuhi akabeba viazi vitamu, akamfuata Kombo.

"Kula, mwanangu. Halafu turudi nyumbani."

"Mama, siwezi. Nimeapa. Leo kipara yeyote nikimkuta, rungu!"

"Hata kipara cha Chande?"

Kombo akatafuna kiazi polepole. "Vitani hakuna Chande, mama."

Akamfuata mdogo. Chande naye akala, akafuta mdomo. "Mama, mwenye nywele ni mwenye nywele."

"Huyo mwenye nywele alikubeba mgongoni ulipokuwa na surua!"

"Najua," akasema Chande, akageukia pembeni. Macho yalikuwa yanamwasha. Kasema ni moshi. Moshi gani, na moto wenyewe haukuwapo?

Bi Pimbi akarudi njia nzima analia, machozi mpaka kijito kikaota samaki. Akafika nyumbani, akapenga kamasi, fwee! Kisha akasema, "Hee! Kumbe bado sijafa."

Maana nchi ile ilikuwa na desturi yake. Mkunga akifa, kila aliyepokewa na mikono yake ni mfiwa. Huweka silaha chini, na hunyolewa nywele na mkono wa mwenzake. Asiyenyoa amemkana mama. Hata awe nani.

Bi Pimbi akajipaka majivu, akachukua mkeka na kanga, akaenda kujilaza katikati ya uwanja, kajifunika, miguu juu.

Ndu! Ndu! Ndu! Ngoma ikalia. Majeshi yakaja mbio, vumbi mpaka mawinguni. Yakafika pale, yakasimama kiii!

"Nini hicho?" akauliza Simba.

"Panya," akasema Nyati.

"Si panya," Tembo akasema. "Ni Bi Pimbi. Amekufa!"

Kombo akalitupa rungu. Chande akalitupa lake. Wakafika pamoja, wakagongana vichwa, ko! Wakamwangukia mama yao.

"Ni mimi," akalia Kombo. "Kaja na viazi, nimemjibu vibaya."

"Ni mimi. Hata ahsante sikusema."

Bi Pimbi chini ya kanga moyo ukamkatika. Alitaka kuamka awaambie nyamazeni, wanangu. Akajing'ata ulimi. Bado, akajiambia. Bado nywele.

Silaha zikawekwa chini. Wembe ukaletwa. Kombo akainama mbele ya mdogo wake.

"Usinikate."

"Sikukati, kaka. Tulia."

Maji hawakuwa nayo, bwawa lina miiba. Chande akamlowesha kichwa kwa machozi yake. Kwechu, kwechu, kwechu.

Wenye nywele wakanyolewa wote, mmoja mmoja, mpaka akabaki Simba. Na mwenzake aliyebaki na wembe mkononi alikuwa Nyati.

Simba akapiga magoti, akainamisha shingo. Ile shingo! Nyati akaugusisha wembe. Bi Pimbi akachungulia kwa jicho moja, jasho likamtoka. Hili hakulipigia hesabu. Kiwembe kikiteleza tu, vita havitaisha mpaka wajukuu wazeeke.

Kwechu.

"Una kovu hapa nyuma," akasema Nyati, taratibu.

"Nilianguka siku ya kwanza kusimama. Bi Pimbi akanipaka mafuta ya nazi, akaniimbia."

"Mimi alinipuliza puani," akasema Nyati. "Nilizaliwa sipumui."

Kwechu, kwechu. Nywele za Simba zikaanguka, rundo kama kichuguu, na manyoya yake yakapeperuka, yakaingia chini ya kanga, yakaingia puani mwa Bi Pimbi...

CHYAAA!

Maiti akakaa kitako.

"Mama!" wakapiga kelele Kombo na Chande.

"Nimedanganywa!" akanguruma Simba. "Jeshi langu, mkamateni!"

Hakuna aliyesogea. Huyu akaokota rungu, akamgeukia jirani. "We! Wewe wa nani?"

"Sijui. Wewe wa nani?"

"Wenye nywele, huku!" akaita Simba.

Nani? Uwanja mzima vipara, kama shamba la maboga. Nyati naye akaita watu wake, wakaja wote, hata wa mfalme.

Bi Pimbi akasimama mbele ya Simba, akamtazama. Bila zile nywele, kichwa chake kilikuwa kidogo, na masikio yamekaa peke yake.

"Hivi hivi ndivyo nilivyokupokea," akamwambia. "Huna taji, huna shungi, unalia. Nikasema, huyu ndiye mzuri kuliko wote. Wote niliwaambia hivyo."

Simba akajipapasa kichwa. "Bibi, kuna baridi."

Bi Pimbi akavua kanga yake, akamfunga kichwani kama anavyofungwa mtoto. Simba akaibana chini ya kidevu, akaenda mwenyewe kung'oa miiba ya bwawa. Nyati akamsaidia. Ufunguo wa baraza ulikuwa umenaswa katika lile rundo la nywele. Wakaufukua, na Simba akaenda kufungua mlango, akaketi na wenzake.

Kombo na Chande waligombana tena siku hiyo hiyo: nani ambebe mama mpaka nyumbani. Wakambeba wote wawili, mmoja kichwani, mmoja miguuni, naye akiwagomba njia nzima kwamba wanamtikisa.

Nywele za Simba zilirudi. Za Tembo mpaka leo hazijaota, kamtazameni. Na aliyenielewa aondoke na hili: sote tulizaliwa vipara, na anayejitapa kwa nywele amemsahau aliyempokea.